Shangazi, nimempeleka mume wangu Bagamoyo kwa mahaba, yeye kanipa kipindi cha historia

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ilazo hapa Dodoma, kazi yangu iko Mtumba, mji wa serikali. Ndoa ina miaka tisa. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, pia ana shamba la zabibu Hombolo analoendesha na mama yake. Mwezi wa nane nikaona tukafanye fungate ya pili, nikabuku siku tatu kwenye nyumba ya kizamani nje kidogo ya Bagamoyo, njia ya kwenda Kaole, nyumba ya mawe, ina kitanda cha samadari na baraza, minazi imeshuka mpaka karibu na bahari. Nililipia kila kitu mimi, nilichukua laki saba kwenye kikoba bila kumwambia maana angekataa. Shangazi nimejuta. Muda wote yuko nje na simu anaongea na mama yake, mara zabibu mara mtoto anakohoa. Akikaa ndani anagusa kuta ananieleza boriti. Tulipoenda mission akamng'ang'ania mzee wa pale na maswali ya Livingstone mimi nimesimama juani. Mezani anauliza bei ya kila kitu mpaka soda, na akawauliza kama kuna mlenda, nikatamani ardhi ipasuke. Picha nilizopiga ni nyingi na nzuri ila yeye hayupo hata kwenye moja. Siku ya tatu asubuhi akasema turudi, mama kazidiwa shambani. Kuna kaka mmoja ofisini, familia yake iko Dar, aliona status zangu akaniambia mwanamke kama mimi nastahili mtu anayejua mahaba. Shangazi hivi huyu mwanaume ananipenda kweli au nimeolewa na mama mkwe? Mama wa Wawili, Ilazo.*

Marahaba mwanangu. Pole na safari, pole na uchovu. Pole zimeishia hapo.

Tuanze na hilo la simu maana ndo umelilia kuliko yote. Nyumba zile za zamani za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kiasi kwamba mtu anakaa kwenye dirisha anakunja na miguu, sasa mtandao unapitia wapi? Mtu akitaka kuongea lazima atoke nje, hilo halina uhusiano na mapenzi kuisha. Alafu nikuulize, hizo status alizoziona kaka wa ofisini ulizipostia wapi? Chumbani? Acha mchezo mama. Na wewe ulikuwa nje, yeye upande wa mlango na mama yake, wewe upande wa minazi na watu wako mia tatu, tofauti ni kwamba yeye alikuwa anaongea na mtu mmoja mwenye shida.

Lingine. Picha nyingi na nzuri, yeye hayupo hata moja. Sawa, na simu ilishikwa na nani? Huwezi kujipiga mwenyewe ukiwa umeegemea mlango wa misumari ukaonekana mpaka viatu. Kuna mwanaume alisimama kwenye jua lile la Bagamoyo akaambiwa sogea, inama, rudia, hapa nimetoka mnene, rudia tena, na hakulalamika maana angelalamika ungeliandika na hilo. Umeandika "nilizopiga". Hukupiga mwanangu, ulipigwa.

Tuje kwenye historia. Hapa nimecheka peke yangu mpaka jirani kanichungulia. Yani mume kashika ukuta anakueleza kwamba vyumba vya nyumba zile ni vyembamba kwa sababu boriti ni miti ya mikoko na mkoko haupiti urefu fulani, kwahiyo fundi alijenga upana kufuata mti, na wewe unaona unaonewa? Mwalimu akikupa kitu anachokipenda ndo kakutongoza hapo. Wanaume wengine wanatoa maua, huyu katoa boriti. Na mission pale, mapadri walifika 1868, ndipo mwili wa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, ulipolazwa 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, watumishi wake kina Chuma na Susi wameubeba tangu huko Zambia ya leo, karibu miezi tisa njiani na maiti ya mtu ambaye hata sio ndugu yao. Wewe saa moja juani na mume wako wa ndoa umeandika barua.

Ningekuwepo mimi kwenye baraza lile ningemwambia endelea baba, nieleze na hongo, ule ushuru wa njia. Maana ile misafara iliyokuwa inatoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ikatishe Ugogo, na sisi huku kwenye ukame wetu tulikuwa tumekaa na visima, watemi wanadai vitambaa na shanga ndo upite unywe maji. Wageni walilalamika sana kuhusu Wagogo, vitabu vyao vimejaa malalamiko. Na Bagamoyo yenyewe ilikuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891 wakahamia Dar, leo makao makuu yako kwetu na wewe kiti chako kiko Mtumba. Haya yote yalikuwa kwenye mdomo wa mtu uliyelala naye kitanda kimoja, ukasubiri maneno ya kwenye tamthilia.

Mlenda hapo nakubaliana na wewe kidogo. Umeletewa wali wa nazi na samaki, mlenda utausubiri Dodoma. Lakini nina uhakika mpishi alicheka akaja kumsalimia, maana watu wa namna hiyo ndo wanapendwa na wapishi, na wewe ulikuwa umeinamia sahani unaona aibu ya mtu ambaye wenzio walishamfurahia.

Sasa shamba. Mwanangu umeishi Dodoma, umeolewa kwenye zabibu, hujui mwezi wa nane ni nini? Zabibu hapa inavunwa mara mbili kwa mwaka, huu wa Februari Machi na huu wa Agosti Septemba. Tunda likiiva haliwezi kuambiwa subiri watu wako fungate. Ndege wanakula, vibarua wanataka hela yao ya siku, mnunuzi akija anapima sukari, ikiwa chini anakugomea au anakupangia bei anayotaka yeye, na nani alikuwa pale Hombolo anabishana na mnunuzi? Mama mkwe wako, mama mtu mzima. Ungeniambia ulibuku mwezi wa sita na bado akang'ang'ania simu, ningekuwa upande wako mchana kweupe. Ulichagua wiki ambayo huyu baba mwaka mzima anaisubiri, tena ukamwambia wakati tiketi imeshakatwa, alafu unashangaa akili yake haiko kitandani!

Na kuna neno moja umelipitisha haraka, mtoto anakohoa. Kwahiyo watoto walikuwa kwa bibi. Katika barua nzima hujaandika kwamba mama mkwe ndiye aliyekubebea watoto wawili wakati wa mavuno ili wewe ukalale kwenye samadari. Umemwandika kama mchawi wa simu. Huyo bibi alikuwa na zabibu mkono mmoja, mtoto mwenye kifua mkono wa pili, akampigia mwanae, kosa lake nini? Angekaa kimya mtoto akazidiwa, barua ungeiandika ndefu zaidi ya hii. Nikuulize tena, uliporudi ulimpelekea nini? Umetoka pwani, hata nazi mbili? Hata kanga? Nahisi jibu nalijua.

Laki saba ndo imeniuma kuliko zote. Unasema ulilipia kila kitu mwenyewe, hapana, umelipa kwa mkopo, na mkopo wa kikoba una riba na una wanawake kumi na tano wanaojua jambo ambalo mume wako halijui. Yule baba anauliza bei ya soda kwa sababu anaona hesabu haiingii akilini. Treni peke yake daraja la kawaida ni 31,000 mtu mmoja kwenda tu, mko wawili, kwenda na kurudi ni 124,000, hapo hamjafika hata Bagamoyo, bado usafiri wa kutoka Dar, bado nyumba, bado chakula. Mwalimu anajua kujumlisha. Alikuwa anajiuliza hela imetoka wapi na anaogopa kukuuliza asiharibu furaha yako. Na mimi nikiwa mwanaume, mke wangu anatoa hela nisiyojua inakotoka huku simu yake inaita ita kutoka ofisini, ningewaza mabaya. Yeye kawaza bei ya soda tu. Mshukuru.

Hapa niseme jambo na wengine mnisikie maana barua za aina hii zimekuwa nyingi. Siku hizi ndoa zinafanyiwa maonyesho. Watu hawaendi mahali wakae, wanaenda mahali waonekane wamekaa. Mnaona kwenye simu wazungu wawili wamekaa kwenye kibanda cha zamani karibu na bahari, wanakunywa chai wanaangalia mvua, mnadhani mahaba yanatoka kwenye kibanda. Wale wanaenda kule kwa sababu hakuna mtu, hakuna kelele, wanasoma kitabu, wanalala mchana. Mume wako alilala mchana? Najua alilala, mwalimu mwenye shamba akipata kitanda chenye upepo wa bahari analala, hiyo ndo ilikuwa matumizi sahihi ya nyumba ile. Wazazi wetu fungate yao ilikuwa siku saba ndani, hamna picha hata moja, na walielewana. Na nyie kina baba mnaosoma mkichekelea, msijione mmeshinda, mke akikupangia safari mwambie asante na mwambie kapendeza kabla hujaenda kushika boriti. Huyu baba hapo alipunguza, nakiri.

Sasa huyo kaka wa Mtumba. Umemweka mstari wa mwisho kama chumvi, lakini barua nzima imeandikwa kwa ajili yake. Familia yake iko Dar. SGR ipo tangu 2024, Ijumaa jioni anapanda, usiku huohuo yuko kwake anabadilisha nepi. Mtu anayejua mahaba namna hiyo mbona weekend yuko Dodoma anasoma status za wake za watu? Mkewe hastahili? Chema chajiuza kibaya chajitembeza, na huyu anatembea mpaka kwenye simu yako. Hakukwambia mnaenda wapi, nauli nani analipa, watoto nani anabaki nao. Kakurushia maneno ya bure umeyapokea yakakuharibia mtu aliyekupiga picha mia. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huu msala una mwenyewe, anausubiri Dar.

Umeuliza unapendwa au umeolewa na mama mkwe. Unapendwa. Tena na wote wawili, usichokistahili mwezi huu.

Huyo kaka leo hii mfungie status, maneno yenu yawe ya kazi na yaishie getini. Jumamosi hii mchukue mumeo mwende Hombolo, beba unga, sukari na kanga ya mama, uvae gauni la shamba, ukate zabibu mpaka jioni na mama mkwe umwambie asante kwa watoto, kwa mdomo, sio kwa meseji. Mume ukipata nafasi mwombe akumalizie ile habari ya hongo, usikilize bila simu mkononi. Na la kikoba umwambie wewe kabla hajaambiwa na mume wa mwenzako, kiasi chote na riba yake. Kama marejesho yenu yanakaa Jumapili basi una mpaka Jumamosi usiku, na usimwambie mbele ya mama yake.