Kwa watarajali wanaoanza wodi ya upasuaji Tanga: tumbo, usaha na saa

Mgonjwa akiletwa usiku kutoka Pangani au Korogwe, homa ya wiki mbili na tumbo gumu kama ubao, fikirieni utumbo uliotobolewa na taifodi au kidole tumbo kilichopasuka. Kabla ya kuuliza CRP (protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) ni ngapi, ulizeni maumivu makali yalianza saa ngapi.

Bakteria wakimwagika tumboni, makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, zilizo kwenye utando wa tumbo huwatambua na kutoa saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga hupashana habari kwazo. Kati ya saitokini hizo, TNF na interleukini-1 hutangulia. Watu wenye afya waliochomwa sumu ya bakteria katika majaribio, TNF yao ilifika kileleni baada ya kama saa moja na nusu, kisha ikashuka. Interleukini-8 huita neutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na bakteria, na usaha mnaoukuta tumboni umejaa hizo. Interleukini-6 hufuata, nayo ndiyo huliamuru ini litengeneze CRP. Ini nalo linahitaji muda: CRP huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12 na hufika juu kwenye saa 48 hivi. Basi aliyetoboka utumbo saa 4 zilizopita anaweza kuwa na CRP ya chini. Msimrudishe nyumbani kwa ajili ya namba hiyo. Mikono yenu juu ya tumbo inajua zaidi.

Upasuaji wenyewe pia hupandisha CRP. Iacheni ipande siku 2 au 3 za mwanzo. Isiposhuka siku ya 4, tafuteni jipu au mshono wa utumbo unaovuja.

Wengi huuliza kwa nini tusizizime tu saitokini. Panya waliochomwa sumu ya bakteria walipona kwa kuzuiwa TNF, lakini waliotobolewa utumbo hawakunufaika, maana chanzo kilibaki kinamwaga na TNF inahitajika kupambana nacho. Ndani ya tumbo saitokini ni nyingi kuliko kwenye damu. Tunachopima kwenye damu ya mkononi ni kilichofurika tu. Kwa hiyo antibayotiki ndani ya saa moja mgonjwa akiwa na mshtuko (presha imeshuka na viungo havipati damu ya kutosha), kisha fungueni tumbo, zibeni tundu, osheni.

Kwenye dripu kuweni makini sana. Saitokini hulegeza kuta za mishipa midogo, maji yakavuja hadi kwenye mapafu. Utafiti wa FEAST wa 2011, ambao Hospitali ya Teule, Muheza, ilishiriki, ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji kwa haraka walifariki zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa wa utumbo uliotoboka, na mwenye peritonitisi, yaani uvimbe wa utando wa tumbo, kweli hupoteza maji mengi. Kwa mtu mzima toeni mililita 250 hadi 500, halafu sikilizeni mapafu, pimeni presha na mkojo, ndipo muongeze.

Mkitoa damu ya kupima saitokini, tumieni chupa ya kifuniko cha zambarau na iwekeni kwenye barafu. Kwa joto la Tanga, seli zikiachwa mezani huendelea kutoa saitokini humo humo chupani na majibu hupanda bure. Izungusheni kwenye sentrifuji ndani ya saa moja, gawanyeni plazma (majimaji ya damu yanayobaki juu ya seli) kwenye vichupa vidogo, gandisheni kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Kichupa kilichoyeyushwa kisigandishwe tena. Kwenye chupa andikeni saa ya kutoa damu, na kwenye fomu saa maumivu yalipoanza.