Ripoti ya kinyama ndiyo iliyoamua upasuaji wa mama

Mama alitoka damu chooni kwa miezi saba, na sote tukaiita bawasiri. Akanywa dawa za mizizi, akaacha pilipili. Siku alipokubali kupimwa utumbo kwa kamera, daktari alikuta kiuvimbe cha sentimita 2 upande wa kushoto wa utumbo mpana, akakikata palepale na kukitoa. Tulirudi nyumbani tukimshukuru Mungu. Wiki tatu baadaye majibu ya kinyama, yaani kile kilichokatwa na kupelekwa maabara kuchunguzwa, yakatoka: ndani ya kiuvimbe kile mlikuwa na saratani.

Tukaitana kikao. Baba mdogo akasema kitu kimeshatolewa, kipimo cha CT hakionyeshi kitu, kwa nini mtu wa miaka 61 akapasuliwe tumbo? Nilikuwa upande wake. Mama alikuwa kimya, ila najua alichokuwa anakiogopa ni mfuko wa haja ubavuni.

Naandika kwa ajili ya familia iliyo kwenye kikao kama kile leo. Sisi tulikuwa tunabishana kuhusu kiuvimbe, na kiuvimbe kilikuwa kimeshaondoka. La kuuliza lilikuwa hili: je, kabla hakijaondoka, kilikuwa kimeshapeleka seli zake kwenye tezi za limfu? Ndizo zile ambazo zikivimba kinenani tunaziita mtoki. Utumbo nao unazo zake, na mara nyingi saratani ya utumbo mpana ikianza safari hupitia huko.

Kipimo cha CT kilitutuliza kuliko kilivyostahili. Kinaona ukubwa wa tezi, hakioni seli. Tezi ya milimita 4 inaweza kuwa na saratani ndani yake, na tezi nene ikawa imevimba kwa maambukizi tu. Kifanyeni, kwa sababu kinaangalia ini na mapafu pia, lakini msikifanye hakimu wa tezi.

Hakimu ni ripoti ya kinyama, na yetu ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja na nusu. Ilisema kuna saratani, basi. Daktari wa upasuaji aliisoma akaniambia, "Dada, kwa karatasi hii siwezi kukushauri lolote." Akanituma maabara nikaombe vile vipande vya nta vilivyohifadhi kinyama cha mama, pamoja na slaidi zake, nivipeleke kwa mtaalamu mwingine wa patholojia, yule anayechunguza vinyama kwa darubini. Sikujua kama vitu hivyo vinaombwa. Nilisaini kitabu, nikapewa.

Ripoti ya pili ilijaza ukurasa. Saratani ilikuwa imezama milimita 2.3 chini ya utando wa ndani wa utumbo. Kwa miaka mingi mpaka wa tahadhari umekuwa milimita 1, ingawa wataalamu wengi sasa hawaamui kwa kina peke yake. Lililomshtua daktari ni kwamba seli zilionekana ndani ya mshipa mdogo wa limfu, yaani zilishaingia barabarani. Tena pembezoni mwa uvimbe walihesabu vichipukizi 7, vikundi vidogo vya seli vilivyojitenga na kuanza kupenya. Kwa mizani waliyokubaliana wataalamu mwaka 2016, 0 hadi 4 ni vichache, 5 hadi 9 ni vya kati, 10 na kuendelea ni vingi. Sura ya seli zenyewe haikuwa mbaya sana, na pale kiuvimbe kilipokatwa palikuwa safi.

Daktari akatueleza polepole. Saratani ikiwa bado haijafika kwenye msuli wa utumbo, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 huwa nayo tayari kwenye tezi. Asiye na dalili mbaya hata moja kwenye ripoti, hatari yake ni ndogo mno, na huyo anaweza kubaki bila kupasuliwa akafuatiliwa tu. Mama alikuwa na dalili nzito. Moyo wake mzima, mapafu mazima, kwa hiyo hatari ya tezi ilizidi hatari ya kisu. Angekuwa na miaka 85 na moyo uliochoka, alisema, mazungumzo yangekuwa mengine. Japani watafiti wameshaifundisha akili mnemba kupima uzito huu wa dalili, lakini nayo huanza na ripoti iliyoandikwa vizuri.

Baba mdogo aliuliza kwa nini wakate sentimita 25 za utumbo kwa ajili ya kitu cha sentimita 2. Aliyewahi kuosha utumbo wa mbuzi anaujua ule utando wenye mafuta unaoushikilia. Tezi zimejificha humo, zimefuata mishipa ya damu. Daktari hawezi kuzichambua moja moja. Anatoa kipande chote pamoja na utando wake, kisha anaunga ncha mbili. Mama hakuwekewa mfuko.

Tezi 19 zilipatikana, zote safi. Shangazi akasema, "Basi mlimkata bure." Iliniuma. Lakini wengi wanaopasuliwa kwa sababu kama ya mama hukutwa safi, na hakuna aliyeweza kulijua hilo kabla ya kuzitazama tezi zenyewe. Mama analala usiku. Kwangu hilo si bure.

Hiyo 19 iangalieni pia. Idadi inayotakiwa kuchunguzwa ni angalau 12, maana zikitazamwa chache, neno "safi" halina nguvu. Wodini kijana mmoja alikuwa na furaha kwamba tezi za baba yake zilikuwa safi. Nikamwomba nione karatasi: tezi 5. Nikamwambia arudi maabara aombe watafute tena kwenye kile kipande, kwa kuwa huwa kinatunzwa kwa muda kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kisioze, kabla ya kutupwa. Alikwenda asubuhi iliyofuata. Walipata nyingine 9, na moja ilikuwa na saratani. Mzee akaanzishiwa dawa za kemo mwezi uleule.