Kupima uchafuzi wa zamani wa hewa kwenye tope la ziwa: ya kujua kabla hujapanda mtumbwi

Wengi wanaokuja Arusha na Moshi kwa kazi hii huanza kuulizia maabara: mashine gani, asidi gani, sampuli ngapi. Wewe anza na ziwa. Ukikosea ziwa, hakuna mashine itakayokuokoa.

Unatafuta ziwa ambalo metali za uchafuzi kama risasi, zebaki na kadimiamu huingia kwa upepo na mvua, si kwa mto wala mfereji. Ndiyo sababu maziwa ya kreta yanapendwa. Chala, upande wa mashariki wa Kilimanjaro mpakani na Kenya, lina kina cha takriban mita 90, halipokei mto wa kudumu, na chini kabisa hakuna oksijeni. Wadudu wa kufukua tope hawaishi huko, kwa hiyo tope limejipanga tabaka nyembamba: jeupe la diatomu (mwani mdogo sana wenye ganda gumu) la msimu wa upepo, jeusi la misimu ya mvua. Duluti pale Tengeru linafikika kwa urahisi, lakini limezungukwa na mashamba na makazi. Maziwa ya Momella ni ya magadi, na flamingo, viboko na upepo huyakoroga. Kwa historia ya hewa, nisingeanza na Momella.

Sasa shaba. Kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, mibuni imepigwa dawa za shaba kwa miongo mingi, mrututu ukiwemo, kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Shaba hiyo inakaa kwenye udongo, na mvua ikiporomosha udongo inaishia ziwani. Ukiona shaba inapanda kwenye tope la ziwa lililo karibu na kahawa, usikimbilie kuandika kwamba ni viwanda au magari. Zinki nayo ina mtego wake: mabati ya nyumba huachia zinki kila mvua inaponyesha. Aseniki husogea juu na chini ndani ya tope lenyewe pamoja na chuma na manganisi, oksijeni inapobadilika. Risasi ndiyo hutulia vizuri zaidi, kwa hiyo ijengee hoja yako kuu.

Vibali vianze mapema: ndani ya hifadhi ya taifa bila TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) huingii, na msitu wa Duluti uko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu).

Ziwani, fanya kazi alfajiri. Upepo ukishaanza, mtumbwi unazunguka na bomba la kuchukulia tope linaingia upande. Pima kina sehemu kadhaa, kisha lenga sehemu tambarare ya chini, mbali na ukuta wa kreta, maana udongo unaoporomoka ukutani huweka tabaka nene la siku moja ambalo utalihesabu kama miaka. Tumia bomba la plastiki angavu lenye kipenyo cha sentimita 6 hadi 9, lizamie kwa uzito wake. Mita mbili za mwisho shusha polepole sana. Ukishusha kwa kasi, wimbi la maji linalotangulia bomba hupuliza tope laini la juu, na hilo ndilo lenye miaka ya karibuni. Bomba likitoka, tazama maji yaliyo juu ya tope: yawe maangavu na mstari wa juu uwe umenyooka. Yakiwa na ukungu, mwaga urudie. Kwenye Chala tope hujengeka kwa takriban milimita moja kwa mwaka, kwa hiyo karne nzima iko kwenye sentimita kama kumi za juu. Kupoteza sentimita moja tu ni kupoteza muongo.

Kata tope hapo hapo ufukweni, bomba likiwa limesimama wima. Usilipakie kwenye gari likiwa zima kwa barabara ya mashimo, litakorogeka kabla hujafika Himo. Sentimita 20 za juu kata vipande vya nusu sentimita, chini yake sentimita moja. Kila kipande ondoa ukingo wa milimita 2 au 3, kwa sababu bomba likishuka huburuta tope la juu kando ya ukuta wake. Kisu kiwe cha plastiki, maana chuma cha pua huachia kromiamu na nikeli. Glavu ziwe zisizo na poda, kwani poda ya glavu ina zinki. Gari lizimwe injini, likae upande upepo unakoelekea.

Pima uzito wa mfuko mtupu, kisha mfuko na tope bichi, kisha tope kavu. Hatua hii inarukwa mno, na bila uzito mkavu kwa ujazo huwezi kukokotoa kiasi kinachotua kwa mwaka. Kama unapima zebaki, kausha kwa baridi chini ya ombwe. Kwenye oveni ya nyuzi 105 sehemu yake inaweza kuruka.

Umri hutafutwa kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi ambayo nusu-uhai wake (muda wa kupungua hadi nusu) ni miaka kama 22, hivyo hukufikisha miaka 100 hadi 150 nyuma, si zaidi. Sampuli ifungwe isivuje hewa kwa wiki tatu au zaidi ili gesi ya radoni isawazike na radiamu-226 inayoizalisha, ndipo uipime kwa miale ya gama. Kwenye miamba ya volkeno radiamu inaweza kuwa nyingi, na ukishaitoa kwenye jumla ya risasi-210 kinachobaki ni kidogo, kwa hiyo acha kipimo kiende muda mrefu. Sesiamu-137, elementi ya mionzi iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, yenye kilele cha 1963, ni dhaifu katika ukanda wetu, na ya mwaka ule imebaki takriban robo. Itumie kama shahidi wa pili.

Kisha linganisha risasi na titaniamu au alumini, ambazo huja na udongo. Tuseme tope la zamani, la kabla ya viwanda, lina risasi miligramu 12 na titaniamu 8,000 kwa kilo. Kipande cha juu kina risasi 18. Unaweza kushangilia, lakini titaniamu nayo ikiwa 12,000, uwiano haujabadilika hata kidogo: ni udongo tu umeongezeka. Ila titaniamu haiyeyuki yote kwenye asidi ya naitriki na hidrokloriki. Ukitumia mchanganyiko huo bila asidi ya hidrofloriki, uwiano wako ni wa uongo. Usipokuwa na mafunzo na vifaa vya asidi hiyo, usiiguse, pima kwa miale ya eksirei.

Kiasi cha mwaka hupatikana kwa kuzidisha: risasi mikrogramu 20 kwa gramu, mara gramu 0.05 za tope kwa sentimita ya mraba kwa mwaka, ni mikrogramu 1 kwa sentimita ya mraba, yaani miligramu 10 kwa mita ya mraba.

Jaribio zuri la matokeo ni petroli. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo mchango huo unapaswa kupungua baada ya hapo. Risasi ikiendelea kupanda, kagua kwanza kama tope limekorogeka, kisha udongo wa pembeni unaoachia risasi ya zamani, kisha uchomaji taka na mafundi wanaoyeyusha betri. Uwiano wa risasi-206 kwa risasi-207, aina mbili za risasi zenye uzito tofauti, unaweza kutenganisha vyanzo hivyo, mradi umepima pia udongo wa ukingo wa ziwa. Chukua udongo huo siku ile ile ya kazi, nusu kilo kutoka sehemu tano au sita, na ufunge kwenye mifuko yake yenyewe, mbali na ile ya tope.