Ukiambiwa Jawbox walijiuza, sikiliza kwanza "Motorist"

Wapenzi wa posti-hadikoo, roki iliyotokana na panki, ile ya kasi na ghadhabu, wanaitaja Jawbox, bendi ya Marekani, kwa mambo mawili yanayogombana: bendi iliyostahili kujulikana zaidi ya ilivyojulikana, na bendi iliyojiuza, yaani iliyoacha kampuni ndogo ikafuata kubwa kwa ajili ya pesa. Yote mawili hutupiwa albamu moja, For Your Own Special Sweetheart ya mwaka 1994. Kila ninapompa mtu albamu hii, namkuta ameshasoma maoni ya wengine kabla hajasikia hata wimbo mmoja, na maoni hayo yameshamziba masikio. Kwa hiyo ushauri wangu huanzia hapo. Mtu akikupa maoni yake, mwulize ni wimbo upi, na ni sehemu gani ya wimbo huo. Akikuonyesha, mfuate, hata kama mwishoni hutakubaliana naye. Asipoweza kukuonyesha, jua kwamba ana ugomvi wa zamani, na inafaa uujue ugomvi wenyewe kabla hujaurithi.

Jawbox iliundwa Washington, D.C., mwaka 1989. J. Robbins alikuwa ametoka kupiga besi kwenye bendi ya Government Issue. Hapa akashika gitaa na kuimba. Kim Coletta alichukua besi, Adam Wade drams (ngoma za bendi), na baadaye Bill Barbot akaingia na gitaa la pili. Albamu zao mbili za mwanzo, Grippe (1991) na Novelty (1992), zilitolewa na Dischord, kampuni ndogo ya muziki ya Ian MacKaye na Jeff Nelson iliyoanza mwaka 1980. Dischord ilifanya kazi na bendi za mji wake bila mikataba ya maandishi, kwa kuaminiana. Fugazi, bendi ya MacKaye mwenyewe, ilijulikana kwa kiingilio cha dola 5, kila mtu aweze kuingia. Kwa vijana wengi wa wakati ule, kununua santuri ya Dischord kulikuwa ni kuchagua upande.

Halafu bendi ya Nirvana ikauza santuri kupita kiasi mwaka 1991, na makampuni makubwa yakaanza kuzisaka bendi zilizotoka kwenye panki. Fugazi walikataa. Jawbox wakasaini na Atlantic, moja ya makampuni hayo makubwa, na majirani zao, bendi ya Shudder to Think, wakasaini na Epic, kubwa nyingine. Uchungu uliofuata ulikuwa wa kweli, na sipendi kuudharau. Mtu aliyepata mahali pa kusimama kwenye muziki ana haki ya kuumia akiona wenzake wanahama. Lakini uchungu huo hugeuzwa mara kwa mara kuwa hukumu ya sauti. Utaambiwa Atlantic "waliwasafisha", kwamba makali yalipigwa msasa ili nyimbo zipite redioni.

Hapo ndipo ninapomwambia mtu asikilize "Motorist". Wimbo huo, pamoja na "Jackpot Plus!", ulitoka kwanza kwenye singo (santuri ndogo) ya Dischord mwaka 1993, kisha nyimbo zote mbili zikaingia kwenye albamu ya Atlantic. Kama kampuni kubwa ndiyo iliyowapa sikio la melodia, nyimbo hizo zilifikaje kwenye melodia hiyo kabla yake? Halafu tazama mtayarishaji wa albamu. Ni Ted Niceley, yule yule aliyekuwa na Fugazi kwenye Repeater na kwenye In on the Kill Taker, albamu zinazotajwa na watu hao hao kama mfano wa usafi wa nia. Sisemi kwamba pesa haibadilishi kitu. Nasema kwamba madai ya kusafishwa, ukiyapeleka kwenye nyimbo zenyewe, hayana pa kukaa.

Kilichobadilika kweli ni mpiga drams, na hili sikuzote naliweka mbele. Adam Wade aliondoka akaenda Shudder to Think, na Zach Barocas akachukua nafasi yake. Usikilizaji wako wa kwanza, mfuate Barocas peke yake. Waache wengine wote. "FF=66" inafungua albamu kwa vurugu, na msikilizaji mgeni hushtuka kwa sababu anatafuta sauti ya kuimba na haioni mapema. Ukishika drams huna haja ya kutafuta: kila kitu kimefungwa pale. Barocas hakupi pigo la kawaida la roki ukalitegemea. Anagawa mapigo kwenye ngoma zake zote kwa namna ya mtu anayepiga melodia, na ndiyo maana bendi yenye magitaa makali kiasi hiki inabaki inatembea badala ya kugonga ukuta.

Na tafadhali, usiisikilize kwenye spika ya simu. Kwenye spika ya simu Kim Coletta hayupo, na bila besi yake unabaki na kelele za juu na mtu anayelia. Hedfoni za bei ya kawaida zinatosha kabisa.

Malalamiko ya pili utakayokutana nayo ni kwamba magitaa hayajatuniwa vizuri. Jamaa yangu mmoja, mpiga besi wa kwaya, aliniambia hivyo kwa uhakika wote baada ya kusikia "Savory". Maoni yake nayaheshimu kwa sababu alinionyesha mahali: mwanzo kabisa, pale magitaa mawili yanapopiga noti zinazokwaruzana. Alisikia sawasawa. Kwa sisi tuliolelewa na muziki wa dansi, gitaa la solo na gitaa la rizimu hupishana kama watu wawili wanaojua njia ya mmoja ni ipi na ya mwingine ni ipi. Robbins na Barbot wanagongana makusudi. Nilimwomba jamaa aache magitaa afuate sauti ya Robbins inavyoingia juu yake, tulivu, karibu ya upole. Mkwaruzo ule unaufanya wimbo uwe na wasiwasi kabla neno lolote halijatamkwa, na kiitikio kinapofika, magitaa yanapofunguka, unapata nafuu usiyoipata kwenye wimbo uliokuwa mtamu tangu mwanzo. Hakuipenda albamu nzima. "Savory" anayo kwenye simu yake mpaka leo.

Kuhusu mashairi sitakaa sana. Robbins huandika kwa mafumbo, na hata waliozaliwa na Kiingereza hulalamika kwamba hawamwelewi. Usianze na kutafsiri. Mimi "Savory" naisikia kama wimbo kuhusu macho ya watu yanavyomla mwanamke, lakini nilifika hapo polepole, na melodia ndiyo iliyonifikisha.

Kuna kundi jingine la wasikilizaji ambao hawana neno na Atlantic, wao wanapenda tu Novelty zaidi kwa ukali wake wa kikohozi, au wanapenda albamu ya mwisho, iliyoitwa Jawbox tu, ya mwaka 1996, kwa kuwa melodia zake ziko wazi zaidi. Hawa zungumza nao. Wanasikiliza. Binafsi naona ile ya 1994 ndiyo mahali ambapo ukali na uimbaji vina uzito sawa, na ushahidi wangu ni "Cooling Card", ambapo wangeweza kuuacha wimbo uwe mzuri tu lakini drams zinakataa kutulia chini yake. Mtu akinijibu kwa kunionyesha kitu kwenye albamu ya 1996, nitarudi kuisikiliza jioni hiyo hiyo.

Swali la toleo gani ununue huulizwa sana, na jibu ni rahisi. Mwaka 2009 albamu ilitolewa upya na Dischord pamoja na DeSoto, kampuni ya Coletta na Barbot, baada ya Bob Weston kuifanyia masteringi mpya (kusawazisha upya sauti ya mwisho). Chukua hiyo. Besi ina nafasi zaidi, na kuna nyimbo za ziada. Angalia pia ni nani walioitoa: albamu iliyosababisha ugomvi wote ule ilirudi kwenye nyumba ile ile ambayo ilidaiwa kuwa imeisaliti, yaani Dischord. Desemba mwaka huo Jawbox, waliokuwa wamevunjika tangu 1997, walikutana tena kupiga kwenye kipindi cha televisheni cha usiku cha Jimmy Fallon, na mwaka 2019 wakafanya ziara.

Na kama unataka kujua kwa nini sisi wachache tunaipigania hivi, fuata kazi ya Robbins baada ya Jawbox. Akawa mtayarishaji. Nothing Feels Good ya The Promise Ring (1997), Frame & Canvas ya Braid (1998), Emergency & I ya The Dismemberment Plan (1999), zote zimepita mikononi mwake. Wapo watu wanaozipenda albamu hizo tatu kwa moyo wote na hawajawahi kulisikia jina la Jawbox. Deftones, bendi kubwa ya roki, nao wameirekodi "Savory", na toleo lao ni zuri, zito zaidi na lenye giza zaidi. Ukianzia kwao, sikiliza kisha drams za toleo la asili. Ndipo utakapoona kitu ambacho hata bendi kubwa kiasi hicho haikukichukua.