Ndoa ya Romeo na Juliet: kwa nini haionekani jukwaani?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Kikundi chetu cha maigizo hapa Bagamoyo kinafanya mazoezi ya Romeo na Juliet, nami ndiye Juliet. Mwongozaji ameongeza onyesho la kufungishwa ndoa mbele ya watazamaji, viapo na yote. Mama yangu hataki kabisa. Anasema nikahi haichezewi. Je, mtunzi mwenyewe, Shakespeare, aliiwekaje ndoa hii?
– Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Waalaykumu ssalaam, binti yangu. Mama yako na mtunzi wako upande mmoja. Tazama mwisho wa Sehemu ya Pili: mtawa Laurence, aliyeridhia kuwaozesha akitumaini kwamba ndoa itamaliza uadui wa koo zao, anasema hatawaacha peke yao mpaka Kanisa liwafanye wawili kuwa mmoja, kisha wote watatu wanatoka. Kiapo hatukisikii.

Mwaka 1559 Malkia Elizabeth alikuwa amekataza michezo ya jukwaani kugusa mambo ya dini. Lakini mimi naona uzito mkubwa zaidi katika desturi ya Uingereza iliyodumu hadi sheria ya 1753, ambayo kwayo mwanamume na mwanamke waliotamkiana kwamba sasa hivi wanaoana, hata bila kasisi wala shahidi, walihesabiwa mume na mke. Katika As You Like It, tamthilia nyingine ya Shakespeare, wapenzi Orlando na Rosalind wanacheza mchezo wa kuoana, na Celia, anayeombwa awe kasisi, anasema hawezi kuyatamka maneno hayo. Wazee wetu wa pwani hawatamshangaa, maana wanaijua hadithi ya Mtume kwamba nikahi, talaka na kurejeana, kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli.

Kwa hiyo mwombeni mwongozaji aliondoe onyesho hilo, na muda wake muupeleke Sehemu ya Tatu, Yaya anapomshauri Juliet aolewe na Paris, mchumba aliyechaguliwa na wazazi wake, ilhali yeye ndiye aliyekuwa mjumbe wa ndoa ya kwanza. Utakatifu wa ndoa hii unaonekana hapo, kwa mke anayekataa kuolewa juu ya ndoa. Juliet anamuuliza kama asemayo yanatoka moyoni. Yaya anajibu kwamba yanatoka moyoni na rohoni pia, la sivyo vyote viwili vilaaniwe. Juliet anasema, “Amina,” na tangu hapo hampi tena siri yake. Neno hilo, binti yangu, lifanyie mazoezi mpaka mama yako alisikie akiwa kiti cha nyuma.