Ukirudi kutoka matibabu India, sema ulikolazwa kabla hujaulizwa

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza alinitumia ujumbe. Anampeleka mume wake Chennai kupandikizwa figo, anataka nimtajie hospitali nzuri, bei ya vyumba vya kupanga, na kama unga wa ugali unapatikana. Unga upo, ila bebeni wenu. Hospitali sitaji. Lakini wote wanaoniandikia kuhusu India huuliza ya kwenda tu. Ya kurudi hakuna anayeuliza, na mimi nililia zaidi baada ya kurudi.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nilimsindikiza kaka yangu mkubwa, kabla Muhimbili haijaanza kupandikiza figo mwaka 2017. Figo alitoa mdogo wetu wa mwisho. Michango, vikao, viza, hayo nilishayaandika, sirudii. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kaka alipoanza kukojoa nilipiga vigelegele hadi manesi wa Kitamil wakaja kuchungulia. Alilazwa ICU, akawekewa mpira wa mkojo, akapewa dripu za antibayotiki kali, na dawa za kushusha kinga ili mwili usiikatae figo ngeni. Yashikeni hayo manne.

Tulipokelewa Dar es Salaam kwa shangwe. Haukupita muda, homa ikampanda na mkojo ukaanza kumchoma. Hospitali tuliyomkimbiza ikamwanzishia sindano za seftriaksoni, kama anavyoanzishiwa kila mtu. Homa haikushuka. Nikamfuata daktari wa zamu, faili la Chennai nimelikumbatia kama mtoto mchanga, nikamwambia: huyu ametoka kulazwa India, naomba mkojo wake uoteshwe, yaani maabara wawakuze bakteria waliomo na kuona dawa ipi inawaua. Akanijibu, "Dada, tuachie kazi yetu."

Niliwaachia. Mkojo haukuoteshwa mpaka bingwa wa figo alipopita raundi na kuuliza mwenyewe faili liko wapi. Majibu yakatoka: bakteria aitwaye Klebsiela, na dawa moja baada ya nyingine imeandikwa herufi R, yaani haifui dafu. Hata meropenemu, ambayo madaktari huiweka akiba kwa wagonjwa waliozidiwa. Ikabaki kolistini, dawa ya zamani inayoweza kuumiza figo. Figo ileile tuliyoiuzia kiwanja cha Kibaha!

Tangu hapo nimesoma sana, na leo nazungumza na madaktari bila kubabaika. Bakteria hawa hukaa tumboni mwa mtu kimya kimya bila kumdhuru. Wanasubiri njia: mpira wa mkojo, kidonda cha upasuaji, kinga iliyoshushwa. Antibayotiki kali zikishaua bakteria wa kawaida, wao hubaki na uwanja mzima. Na jeni ya usugu hawaifichi, hugawiana bakteria kwa bakteria, hata wasio wa jamii moja. Kaka yangu alikuwa na njia zote hizo. Anayesema hakunawa mikono aje aniambie usoni.

Wala si kisa cha kwetu peke yetu. Jeni ya usugu iitwayo NDM-1, inayowawezesha bakteria kuishinda hata meropenemu, iligunduliwa mwaka 2008 kwa mgonjwa wa Uswidi aliyekuwa amelazwa New Delhi. Mwaka 2016 mama wa miaka sabini na ushee alifariki Nevada, Marekani. Alikuwa amevunjika mfupa wa paja akiwa India na kulazwa huko zaidi ya mara moja, na Klebsiela aliyokuwa nayo ilishinda antibayotiki 26, zote zilizokuwapo nchini humo. Marekani, jamani, si zahanati ya kijijini. Ndiyo maana hospitali za Uingereza huuliza kama umelazwa nchi nyingine ndani ya miezi 12 iliyopita, na ukisema ndiyo wanakupima kwa kijiti cha pamba njia ya haja kubwa, unaumwa huumwi.

Msianze kuwatukana Wahindi, lakini. Watafiti wa hospitali ya Bugando waliandika mwaka 2014 kwamba jeni za namna hiyo wamezikuta kwa wagonjwa wa Mwanza hapo hapo. Na si lazima ulazwe. Uholanzi waliwapima wasafiri wa kawaida wapatao 2,000, wakachapisha matokeo mwaka 2017: zaidi ya theluthi moja walirudi na bakteria sugu tumboni, na kwa waliokwenda Asia ya Kusini ilikuwa watatu kati ya wanne. Waliokunywa antibayotiki safarini walikuwa hatarini zaidi. Wengi walisafika baada ya mwezi hivi, ila kama mmoja kati ya kumi bado alikuwa nao mwaka ulipoisha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sema. Sema mapokezi, sema kwa nesi, sema kwa daktari, na akibadilika wa zamu sema tena. Usiondoke kule bila majibu ya vipimo vyote vya kuotesha, si barua ya kuruhusiwa peke yake. Homa ikipanda, omba kuoteshwa kabla ya sindano ya kwanza, maana dawa ikishaingia majibu yanaweza kudanganya. Mpira wa mkojo, uliza kila siku kama bado unahitajika. Na sema.

Kaka walimhamishia chumba cha peke yake, manesi wakiingia na glavu na aproni. Hilo ni sahihi kabisa, linawalinda wagonjwa wengine, nami nililitetea. Kilichoniuma ni ndugu. Wifi alitangaza kwenye kundi la familia kwamba nilichagua hospitali ya bei rahisi "tukaletewa ugonjwa wa Kihindi". Watu waliosoma ujumbe huo wakaacha kuja, hata waliokula pilau yetu siku ya kumpokea. Ndugu zangu, mgonjwa aliyetengwa wodini hajalaaniwa. Nenda, vaa unachopewa, nawa ukiingia na ukitoka, usikalie kitanda chake, usitumie choo chake. Mtu mzima anakosaje kuelewa hayo? Tunachangia milioni za harusi na hatuwezi kunawa mikono dakika moja kwa ajili ya damu yetu!

Kaka yupo, figo inafanya kazi, ingawa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyochuja, haikurudi ilipokuwa tulipotoka Chennai.

Jambo la mwisho ni masanduku. Kila anayekwenda India huagizwa "zile dawa kali za huko", na watu huzimeza kwa mafua. Mafua ni kirusi, antibayotiki haiyagusi, inawafundisha bakteria wako ukaidi tu. Mimi niliagizwa na watu sita, akiwemo wifi. Nilileta viungo vya biriani na bangili. Mpaka leo naitwa mchoyo.