Maswali ya Wasomaji: Magurudumu Yakigoma Angani

SWALI: Ndege ya mizigo ya jeshi aina ya C-130 ikigoma kushusha magurudumu, waliomo hufanya nini hasa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Rubani huahirisha kutua, hupanda juu na kuzunguka mahali salama. Kwa matoleo ya E na H, kasi isizidi noti 168 (kama kilomita 311 kwa saa) wakati wa kushusha magurudumu. Kazi yenyewe iko nyuma, kwenye chumba cha mizigo, mikononi mwa mhandisi wa ndege na msimamizi wa shehena.

Kwanza wahakikishe: magurudumu yamegoma kweli, au kionyeshi ndicho kinachodanganya? Kuna vidirisha vya kuchungulia magurudumu kutokea ndani, na tochi hutoa jibu mapema.

Magurudumu makuu ni mawili kila upande, moja mbele ya jingine. Hayakunjwi, hushuka wima kwa skrubu ndefu zinazozungushwa na mota ya haidroliki (inayoendeshwa na shinikizo la kimiminika), mota moja kila upande. Haidroliki ikifa, skrubu hizo huzungushwa kwa hendeli ya mkono. Ila nguvu ya haidroliki ikatwe kwanza, maana ikirudi ghafla hendeli ikiwa mkononi, inaweza kumvunja mtu mkono. Mizunguko ni mingi, hivyo watu hupokezana. Gurudumu la pua lina nafuu: hukunjwa kuelekea mbele, kwa hiyo kufuli likiachia, upepo hulisukuma chini, na pampu ya mkono humalizia.

Hendeli haifui dafu pale skrubu au shafti yake ilipovunjika. Mguu ulioshuka lakini hauaminiki hufungwa kwa minyororo ya mizigo, usije ukarudi juu ndege ikigusa ardhi.

Wakati huo mafuta yanapunguzwa ili ndege itue ikiwa nyepesi na kwa kasi ndogo, lakini si hadi tone la mwisho; huenda wakahitaji kupanda tena na kurudia. Abiria huhamishwa kutoka usawa wa panga boi. Kengele fupi sita: jiandaeni. Moja ndefu: jikingeni.

SWALI: Ni kweli kuna ndege ya kivita iliyotua juu ya stuli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kweli. Tarehe 7 Juni 2014, Kapteni William Mahoney wa Jeshi la Marines la Marekani alikuwa akirusha AV-8B Harrier, gurudumu la pua likagoma. Kwa kuwa Harrier hutua wima, kwenye sitaha ya meli USS Bataan iliwekwa stuli maalumu yenye mto juu. Mahoney akaiteremsha pua juu yake akiongozwa kwa redio, kwani kutoka alipoketi stuli haionekani. Ndege ya kawaida isingeweza hata kujaribu.

SWALI: Ndege ikitua na magurudumu mabovu, mbona zimamoto hawatandazi povu kwenye njia nzima ya kutulia? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hutumia muda mwingi, humaliza akiba kabla moto haujawaka, na huyatelezesha matairi mazima yanayohitaji kushika breki. Mamlaka ya anga ya Marekani iliacha kulipendekeza. Magari ya zimamoto hukaa pembeni, akiba yao ikiwa imejaa.